Wageni wa Dari la Jipsamu

Katika elimu ya upambaji wa nyumba, yaani sanaa ya kupanga nuru, rangi, samani na nafasi ili chumba kiwe na sura yake pekee na kimvute anayeingia akae, hakuna somo linalouma kama lile ambalo mwenye nyumba hulipata akiwa ameinama juu ya bakuli la baba mkwe wake, akiopoa wadudu waliokufa kwa ncha ya kijiko, chini ya dari ambalo nusu ya gharama yake bado inadaiwa. Somo hilo limetolewa mjini Homa Bay juzijuzi tu, kwenye mteremko wa mlima Asego unaoitazama Ghuba ya Winam, na aliyelipokea, ambaye jina lake halina faida yoyote kwa taaluma ya ujenzi, angali anasalimiana na majirani zake kwa haraka kidogo kuliko ilivyo desturi ya mji.

Ili fedheha hiyo ieleweke kwa ukubwa wake, inapasa kwanza kueleza dari lenyewe. Jipsamu ni madini ya kalisi salfeti yaliyofungia maji ndani ya fuwele zake. Yakichomwa kwenye joto la takriban nyuzi 150 za selisiasi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga mweupe, na unga huo ukikorogwa upya huyapokea maji yaleyale na kuwa jiwe tena kwa muda mfupi kiasi kwamba fundi mzembe humgandia ndooni. Viwandani, uji huo hubanwa katikati ya karatasi mbili nzito ukawa ubao, ambao kwa kawaida una upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, na mbao hizo hukazwa kwa skrubu kwenye reli za chuma zinazoning'inia chini ya kenchi za paa. Viungo huzibwa kwa utepe wa nyavu na lipu laini, kisha hupigwa msasa mpaka jicho lishindwe kuuona mshono. Ni kazi ya ajabu, na hata baada ya yote yatakayosimuliwa hapa chini haitakuwa haki kuidharau.

Jambo linalolitofautisha dari la kisasa na dari tupu ni mfereji wa nuru. Pembeni mwa chumba ubao hushushwa kiasi cha shubiri moja na kuachiwa ukingo, na nyuma ya ukingo huo hulazwa taa za LED za ukanda, zile ambazo mafundi wa Kenya huziita sneki kwa sababu hujikunja, zikiwa zimetazama juu. Nuru hugonga sehemu ya juu ya dari, ikatawanyika, ikashuka chumbani pole bila mtu kuona inakotoka. Wabunifu huipenda kwa sababu haichomi macho, hulainisha nyuso za watu na hukifanya chumba kifupi kionekane kirefu, na mwenye nyumba huipenda kwa sababu ameiona katika simu ya fundi.

Simu ya fundi inastahili utafiti wake. Humo mna mamia ya sebule za Dubai, za Guangzhou na za mitaa ya kifahari ya Nairobi, zote zikiwa na makochi meupe ambayo hayajawahi kukaliwa na mtu aliyetoka kula omena, na hakuna hata picha moja inayoonyesha dirisha lililofunguliwa. Upungufu huo si wa bahati mbaya. Mfereji wa nuru umebuniwa kwa ajili ya chumba kilichofungwa, ambamo mashine hupoza hewa na cha nje hubaki nje. Homa Bay, ambako ziwa liko mita 1,134 tu juu ya usawa wa bahari na mabati huendelea kutoa joto la mchana hata jua likishatua, kufunga madirisha saa moja jioni ni adhabu ambayo mtu hampi mgeni, wala hampi mkwe kabisa.

Yaliyo nje ya madirisha hayo ndiyo kiini cha insha hii. Miongoni mwa viumbe wa Ziwa Viktoria wamo wadudu wadogo, wa jenasi ya Chaoborus na wa jamaa nyingine zinazofanana nayo, wanaoweza kuitwa usubi wa ziwani, ingawa hawaumi wala hawanyonyi damu. Mabuu ya Chaoborus ni maangavu kama kioo. Mchana hujificha katika tope la sakafu ya ziwa ili samaki wasiyaone, na usiku hupanda kuwinda vijidudu vinavyoelea majini. Wakati wake ukifika, buu huwa pupa, pupa hupanda hadi juu ya maji, na mdudu mwenye mabawa hutoka, si mmoja bali mamilioni kwa pamoja, wakainuka kama nguzo za moshi mweusi ambazo mgeni akiziona kutoka Mbita au Rusinga hudhani kuna mashua inayoteketea. Huishi siku chache tu wakiwa na mabawa, na siku hizo huzitumia kutafutana. Ndege huwafuata, samaki huwala, na watafiti wa Kenya waliandika mwaka 2010 juu ya kuwageuza kuwa chakula cha binadamu, pendekezo ambalo, kama itakavyoonekana, lilipata jaribio lisilokusudiwa.

Maajabu zaidi ni kwamba usubi huu hufuata mwezi. Wachunguzi wa Ziwa Viktoria walibaini tangu miaka ya 1950 kwamba Chaoborus huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, wakati ambapo usiku ni giza totoro. Wavuvi wa omena hawakuhitaji karatasi za wanasayansi ili kujua thamani ya usiku huo, kwani wao pia huingia ziwani katika giza hilohilo wakiwa na taa, zamani karabai za mafuta na sasa za LED, kwa kuwa taa haina mpinzani mwezi usipokuwapo. Mwenye nyumba wa Asego, ambaye alipanga karamu ya wakwe kwa kuutazama mwisho wa mwezi wa mshahara bila kuutazama mwezi wa angani, alikuwa amejenga mlimani, kwa bei ya jipsamu, karabai kubwa kuliko zote za ghuba.

Lakini kwa nini mdudu aingie mfereji wa nuru na asitoke? Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba wadudu huidhania taa kuwa mwezi, au kwamba huvutwa na joto lake. Mnamo Januari 2024 watafiti wa Imperial College London na Florida International University walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya kuwapiga picha za kasi wadudu waliokuwa wakiruka kuzunguka taa, baadhi yao katika misitu ya Costa Rica, wakaonyesha jambo rahisi na la kusikitisha. Mdudu anayeruka usiku hugeuza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, kwa sababu kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa mbingu, na kwa njia hiyo hujua juu ni wapi. Akipita kando ya taa, mgongo huvutwa kuielekea naye huzunguka bila kukoma. Akipita juu ya taa inayotazama juu, hupinduka tumbo likaelekea mbinguni, hupoteza uwezo wa kuelea na huanguka chini moja kwa moja. Msomaji atambue kwamba taa inayotazama juu, iliyozungukwa na ukingo wa shubiri moja, ndiyo maelezo kamili ya mfereji wa nuru, na kwamba kama mtu angeombwa kubuni mtego wa kuwakusanyia usubi wa ziwani asingeweza kuongeza chochote juu yake.

Karamu yenyewe ilianza vizuri. Wazazi wa upande wa mke, ambao kwa mila za Waluo hawaingii kwa mkwe wao kiholela bali hualikwa na kupokelewa kwa heshima, waliketishwa mahali ambapo nuru ilikuwa laini kuliko kwingine. Kuku aliletwa, ngege aliletwa na ugali ukaletwa, na taa za ukanda ziliwashwa zote kwa pamoja, pamoja na zile za kubadilika rangi. Kwa muda wa sala mambo yalikuwa kama katika simu ya fundi. Baadaye kulisikika mchakacho mwembamba juu, kama wa mchanga unaomiminwa, na mfereji, ambao kwa majuma kadhaa ulikuwa umejaa kimya kimya bila yeyote kuweza kuuchungulia, ulianza kufurika. Shangazi wa mke, mama mwenye heshima asiyejua kunong'ona, alimgeukia binti yao akauliza, "Nyathina, hii pilipili manga ya darini ni ya mtindo gani?" Mwenye nyumba aliinuka kwenda kuzima feni, kwa hoja kwamba upepo ndio unaowaleta, na kumbe upepo ndio uliokuwa umewazuia.

Baba mkwe, aliyekulia Rusinga na aliyeelewa jambo lote tangu alipovuka kizingiti, hakusema lolote kuhusu dari. Alisema tu, "Mwanangu, zimeni hizi zote, muwashe moja huko nje mbali, tule." Ndivyo wafanyavyo watu wa ziwani tangu zamani: taa moja hutundikwa mbali na mlango ili wadudu waende kwake, na watu hubaki ndani katika nusu giza. Kwa hiyo karamu ililiwa kwa mwanga uliopenya kutoka uani, chini ya dari ambalo hakuna aliyeweza kuliona, na wakwe wakaisifu sana nyumba.

Fundi alipoitwa alipanda ngazi, akachungulia, akashuka na kutoa uamuzi kwa lugha ya kitaalamu: "Bosi, hao si wa jipsamu, hao ni wa ziwa." Dawa aliyoipendekeza ni kuongeza ukanda wa pili wenye rangi ya samawati ili weusi wa mabaki usionekane, pendekezo ambalo lingewafurahisha usubi wa kaunti nzima, kwa kuwa mwanga wenye samawati nyingi huwavuta wadudu wengi kuliko ule wa manjano. Njia zinazofaa zinajulikana na ni za bei nafuu: taa za manjano zinazotazama chini, wavu wenye matundu madogo sana dirishani, ukingo wenye mlango wa kusafishia, na kalenda ya mwezi ukutani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo katika simu.

Mikasa mingine ya ukarabati huohuo inaweza kuhesabiwa kwa ufupi. Karatasi ya ukutani yenye sura ya matofali ya Ulaya ilibanduka masika yalipoingia, ikaonyesha matofali halisi ya Rongo yaliyofichwa nyuma yake. Kochi la umbo la L halikupita mlangoni, tatizo ambalo wajenzi wa Thimlich Ohinga, ile boma ya mawe yaliyopangwa bila saruji katika kaunti ya Migori ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2018, hawakulipata, kwa kuwa walijenga malango mafupi wakijua vema nini hakitakiwi kuingia. Na ndugu wa mwenye nyumba aliyejenga Migori juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, ana sakafu ya vigae inayopanda na kushuka kwa majira, naye huwaambia wageni kwamba ni ubunifu.

Bafu la wageni ni jambo jingine, na hapo kejeli humwishia mtu. Lilijengwa kwa mtindo wa hoteli: sinki la kioo, bomba la mvua lenye njia tano za kunyunyiza, kioo kinachowaka ukikigusa. Kutoka dirisha lake linaonekana Ziwa Viktoria, ambalo eneo lake la kilomita za mraba zipatazo 68,800 linalifanya kuwa la pili duniani kati ya maziwa ya maji baridi, na katika bomba lake hutoka pumzi. Tarehe 1 Juni 2025 taifa liliadhimisha Siku ya Madaraka katika mji huuhuu, mada ikiwa uchumi wa buluu, yaani utajiri utokanao na maji, na hotuba zilikuwa nzuri. Siku iliyofuata wanawake na watoto waliteremka tena na mitungi hadi ufuoni, wakachota pale pale ambapo pikipiki huoshwa, kama mama zao walivyochota. Mtu anaweza kujicheka kwa ajili ya dari, kwa sababu dari alilitaka mwenyewe. Hakuna aliyechagua kununua maji kwa mtungi akiwa analitazama ziwa, na aibu ya jambo hilo haipaswi kuwa ya mwenye sinki.

Mzee anayeleta maji kwa mkokoteni wa punda alipoonyeshwa bafu hilo alilipima kwa macho, akagusa kioo kikawaka, akaguna. Kisha akapanga mitungi chini ya bomba la njia tano, mistari miwili iliyonyooka, akaweka besheni juu ya sinki na kopo ndani ya besheni, na akamweleza mwenye nyumba kwamba chumba hicho kimejengwa vizuri sana, kwa maana jua halikifikii na maji yatakaa humo bila kuota mwani.