Simu Zote Kichuguuni

Juni 2017 chumba cha magunia nyumbani kwa dada yangu, Ivuna, kilikuwa kimejaa mpunga hadi usawa wa dirisha, na nyumba nzima ikisubiri fuso kutoka Tunduma. Barabara ya kuteremkia bonde la Ziwa Rukwa haina huruma na magari, kwa hiyo mnunuzi hasogei bila kupiga simu kwanza. Asipopokewa anapakia Kamsamba, anarudi zake. Kila mtu pale alilijua hilo, hata mpwa wangu wa kike wa kidato cha pili aliyekuwa likizo. Ila yeye alikuwa na shughuli yake ya kitaifa.

Shughuli yenyewe ilikuwa Rayvanny. Kijana wa Mbeya, ameingia lebo ya WCB ya Diamond Platnumz, wimbo wake “Kwetu” umetikisa nchi mwaka uliotangulia, na sasa jina lake liko Marekani kwenye tuzo za BET, katika kipengele kinachoamuliwa kwa kura za watazamaji. Mpwa wangu alisema “wa kwetu” kwa namna ambayo shemeji hakuivumilia. “Wa kwenu wapi? Sisi ni Songwe sasa.” Ni kweli, mkoa ulikuwa umemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na shemeji aliuchukulia mgawanyo ule kama urithi: wao wamebaki na mwimbaji, sisi tumebaki na mpaka wa Zambia na foleni ya malori.

Pale nyumbani intaneti inashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Alfajiri moja binti alikusanya simu zote zenye intaneti: ya mama yake, ya kaka yake aliyerudi kutoka chuo, na ya baba yake, ambayo ndiyo mnunuzi alikuwa na namba yake. Akazipanga kwenye ungo, akazima sauti ili asisikike, akaziachia zicheze video za Rayvanny kwa imani kwamba kila kutazama ni kura, ikiisha hii inaanza ile. Ili zipate chaji usiku kucha alikuwa amechomoa kitochi cha babu kwenye betri ya sola. Kitochi hakina YouTube, kwa hiyo kwa hesabu zake hakikuwa na faida yoyote kwa taifa. Kisha akaenda kisimani.

Kaka mtu alipokuja kugundua, hakuudhika kwa sababu ya bando, ingawa la wiki nzima lilikuwa limekwisha kabla ya chai. Aliudhishwa na ujinga wa kiufundi. Akamweleza dada yake kwamba YouTube hawahesabu kila mzunguko. Simu moja ikirudia video ileile mfululizo, mashine zao zinaichuja. Hadi mwaka 2015 hesabu ya video inayopanda kwa kasi ilikuwa ikiganda kwenye 301 kwanza, wahakikishe kama wanaotazama ni watu kweli. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu: “Ndiyo maana nimechukua simu tatu.”

Wakati huo, kichuguuni, mnunuzi alikuwa amepiga mara nne. Tulizikuta baadaye kwenye simu ya shemeji, pamoja na alama ya kwato ya mbuzi kwenye kioo. Mnunuzi alijaribu na kitochi cha babu, kikawa hakipatikani. Mchana tulisikia kwa mwenye bodaboda kwamba fuso limeonekana Kamsamba, limejaa, linapandisha.

Kikao kiliitwa jioni. Shemeji alitaka fimbo. Lakini mwenye mji ni babu, na babu ana utani wake na wajukuu, akamwita kwa cheo chake cha siku zote.

“Mke wangu, huyo kijana anakufahamu?”

“Hanifahamu, babu.”

“Akishinda atakuletea chochote?”

“Haleti.”

“Sasa mpunga wangu umelala kwa ajili ya nini?”

Binti alipiga goti, akatazama chini, na nilichokisikia pale sijakisoma kwa mchambuzi yeyote wa muziki. Alisema bwenini kuna wasichana wa Tunduma wanaomwambia nyimbo anazopenda ni za kitoto, na yeye amezipenda kabla hazijawa na jina. Zikiwa namba moja, itajulikana kwamba aliona mapema. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo kidogo, kwamba mtu wa Ivuna akitazama anahesabiwa mmoja, na mtu wa Sinza, Dar, naye anahesabiwa mmoja.

“Na magunia nayo yanahesabiwa,” akasema shemeji.

Nikaona nimsaidie binti wa dada. Nikasema Ivuna haihitaji mwimbaji ili ijulikane: tarehe 16 Desemba 1938 liliangukia hapa jiwe kutoka angani, gramu 705 tu, na leo kundi zima la vimondo linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Wataalamu wa dunia nzima wanalitamka jina letu. Mpwa wangu alinitazama kwa huruma. “Mjomba, jiwe lilianguka lenyewe. Nani alilichagua?”

Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa na amekuja kusalimia, alicheka peke yake pembeni. Yeye alishapitia. Enzi zake ilikuwa Yamoto Band, Aslay, Beka, Enock Bella na Maromboso, vijana wa Mkubwa na Wanawe, Temeke. Aliwapigania shuleni kama ndugu zake wa damu, kisha kundi likasambaratika kila mmoja akashika njia yake. Tangu hapo tunamwita mjane wa bendi.

Shemeji alikuwa anainuka kutafuta fimbo kweli, ndipo bibi akakohoa. Akamuuliza mumewe kama amesahau kadi za salamu. Miaka ile, kabla ya redio binafsi kuruhusiwa, ilikuwa Radio Tanzania tu, na babu alikuwa mtu wa bendi ya Mlimani Park, Sikinde, asiyeweza kusikia wapinzani wao Msondo wakisifiwa akanyamaza. Pesa ya jembe jipya ilikwenda kwenye kadi, ili wimbo wa Mlimani Park upigwe na jina lake lisomwe. “Tukalima na jembe lenye mpini wa kamba,” bibi alisema. Babu akagundua kwamba usiku umeingia. Kikao kikafungwa bila hukumu.

Tarehe 25 Juni Rayvanny akashinda. Binti hakupiga kelele. Alivaa sare ya shule siku ya likizo, akaenda kuchota maji, akipita njia ndefu ya sokoni.

Mnunuzi alirudi Julai, bei ikiwa imeshuka. Dereva wake alikuwa anapiga Rayvanny kwa sauti ya kufukuza kuku. Shemeji alisimama mlangoni mwa chumba cha magunia, mikono kiunoni, akamwambia mnunuzi kwamba bei ni ileile ya Juni, maana nyumba hii ndiyo iliyompa ushindi huyo kijana anayemsikia kwenye gari. Mnunuzi akauliza kura hizo zina uzito gani kwenye mizani. Wakabishana mpaka saa saba, na mpunga ukapakiwa kwa bei ya Julai.