Muulize Mjomba: Ndege ya Mama Mkwe

*Mjomba, shikamoo. Nataka kukodi ndege imlete mama mkwe kutoka Dar kwenye harusi yangu hapa Singida, Agosti. Niseme siku ngapi kabla? – Bwana harusi mtarajiwa, Ikungi*

Marahaba, mpwa wangu. Umefika kwa mwenyewe. Ujanani rubani mmoja aliniuliza Ziwa Kindai liko wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Tangu hapo najihesabu mwanaanga, na Singida nzima hajatokea wa kunibishia, ukiacha mke wangu.

Utaletewa pengine Cessna Caravan: injini moja, abiria 12 hivi. Haina makazi Singida. Ikishamshusha mama mkwe inarudi tupu, na marudio hayo ni juu yako. Siku za kawaida ukipiga simu leo, kesho kutwa unaweza kupata. Ila wewe umechagua Agosti! Julai hadi Oktoba ndege ndogo zinagombewa na watalii wanaowahi nyumbu Mto Mara. Sogeza harusi iwe Aprili, masika, watalii wameadimika. Mchumba akikataa, sogeza mchumba. Kweli, Aprili alizeti yako itakuwa bado shambani na mfukoni huna kitu, lakini hilo hukuniuliza.

Kampuni itataka uzito wa kila abiria. Usikisie! Mtume shemeji na mizani ya alizeti, amwambie mama kwamba Wanyaturu humpima mgeni wapate kujua wachinje ng'ombe wangapi. Ni uongo, lakini nimeutunga mimi, kwa hiyo ni uongo wa daraja la kwanza. Mimi mwenyewe nina kilo 94, nyingi zikiwa busara. Mzigo uwe begi laini, kilo 15 ndiyo desturi. Sanduku gumu halijipindi kuingia kwenye tumbo la ndege. Na mama asichelewe saluni: viwanja vidogo vingi havina taa, rubani sharti atue jua halijazama. Mimi ningetua hata usiku, kwa kunusa vitunguu.

Mhariri ananionyesha saa, wivu tu. Haya: miezi miwili kabla, lipa mapema. Ukishindwa, apande SGR, inafika Dodoma tangu 2024, kisha basi.

Msomaji wa Kiomboi mwenye kuku anayekula mayai yake: mchinje.