Huyu Mwandishi Anaandika Nini?

Ni mwezi wa nne, upande wa Galu, Diani. Mvua imekatika kidogo. Mkwaju mkubwa umeinamia paa la makuti la nyumba ya kukodi, na barazani kuna meza, kompyuta na mwandishi kutoka bara ambaye gazeti moja humlipa aandike kila wiki juu ya maisha ya kawaida na majira ya pwani. Mkwajuni amekaa Bi Mbega na manyoya yake meupe ya mabegani, mtu wa kuheshimika. Kunguru anatua tawi la chini yake, kwa adabu.

KUNGURU: Shikamoo, bibi.

BI MBEGA: Marahaba. Umetoka wapi, mbona wanuka samaki asubuhi yote hii?

KUNGURU: Nilipitia Mwaepe. Upepo umegeuka usiku, ngalawa zimevutwa juu mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kutukana. Kilichobaki ni matumbo ya tafi, na hayo tumeyapigania ukoo mzima. Yule bwana ameamka?

BI MBEGA: Kaamka, kanywa chai, kaitazama bahari, kachoka.

KUNGURU: Ameandika?

BI MBEGA: Aliinua mikono nikadhani anaandika, kumbe ajinyoosha. Wala simlaumu kwa kukaa. Mimi mwenyewe sehemu kubwa ya siku ni kukaa tu. Lakini mimi nala majani, tumbo langu lina vyumba kama la ng'ombe, na majani yataka utulivu yachachuke. Yeye kala mkate wa siagi. Anachachusha nini?

KUNGURU: Mawazo, bibi.

BI MBEGA: Basi yashakuwa siki.

(Mjusi wa dari anachungulia kati ya makuti.)

KUNGURU: Ndugu Mjusi! Wewe uliye ndani, hebu tusomee.

MJUSI: Kichwa ni "Kaskazi Tamu ya Diani". Halafu: "Upepo mwanana wa kaskazi unaibembeleza minazi, nayo inainama kuisalimu bahari."

KUNGURU: Kaskazi? Mwezi wa nne? Kaskazi ndiyo iliyoingia Desemba bahari ikatulia, watu wakavua hadi nje ya mwamba. Sasa ni kusi, mawimbi yapiga mwambani hadi huku twasikia. Hata bei ya changu pale Ukunda inajua kwamba kusi imeingia. Hakuuliza mtu?

MJUSI: Aliuliza kompyuta.

BI MBEGA: Na hiyo minazi inayosalimu, hakumwona mgema? Kapanda ule wa pembeni alfajiri, shina limelowa, mguu ukateleza kwenye kidaraja. Akakumbatia mnazi kwa magoti, kibuyu chaning'inia kiunoni, akatulia, akavuta pumzi, akaendelea kupanda. Toka pale hadi meza ya yule bwana naruka mara mbili nimefika.

MJUSI: Alimwona. Alisema moyoni kwamba mtu yule anaharibu picha.

KUNGURU: Wewe wajuaje aliyosema moyoni?

MJUSI: Huwa anajisemea kwa sauti. Mtu akikaa peke yake na mjusi siku nyingi hujisahau. Mimi lakini nina dukuduku langu. Juzi usiku kumbikumbi walitoka. Jamani, masika yana barua gani ya kuyatambulisha kuliko hiyo? Walijaa kwenye taa, wakaangukia kikombe cha chai, mbawa zikatapakaa katikati ya vibonye vya kompyuta hata herufi hazionekani. Nikala mpaka tumbo likang'aa. Nikasema, leo leo, majira yamemfuata mezani, hana pa kukimbilia. Mnajua alifanya nini?

KUNGURU: Aliandika!

MJUSI: Alipuliza dawa, akazima taa. Kisha akamwandikia mhariri kwa simu, humo gizani, kwamba msimu huu hauna kipya.

BI MBEGA: La haula.

KUNGURU: Na kule Kaya Kinondo si alikwenda? Nilimwona njiani juu ya pikipiki.

MJUSI: Alikwenda. Akafungwa kaniki kama mgeni yeyote, akatembezwa, akarudi ameandika ukurasa mzima juu ya "ukimya wa msitu".

BI MBEGA: Ukimya! Shemeji zangu walikuwa juu ya kichwa chake wakinguruma! Halafu ule msitu si bustani. Wazee wa Kidigo wameulinda kwa miiko, kijiti hakitoki, ndiyo maana umesimama hata UNESCO ikauorodhesha mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mwenye kumwongoza alimweleza yote hayo. Nimeambiwa alizungumza nusu saa.

MJUSI: Hilo ndilo alilosahau. Alikuwa anasikiliza ukimya.

KUNGURU: Hawa waandishi wa siku hizi wanataka utulivu kwanza. Shaaban Robert, hapo Tanga tu, ukishavuka Lungalunga na Horohoro umekaribia, alikuwa karani wa forodha. Mchana ni mizigo na stakabadhi za watu, na bado akatuachia mashairi, riwaya na hicho Kielezo cha Insha. Na kabla yake Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilichukua shairi akalipeleka sokoni lisikie watu wanavyogombana.

BI MBEGA: Wewe Muyaka ulimjulia wapi? Nyinyi Mombasa mmefika juzi, miaka ya 1940.

KUNGURU: Nimesoma, bibi. Mahamri hufungwa kwa magazeti. Hata makala za huyu bwana mimi huzipata wiki ya pili yake, zina mafuta ya viazi karai. Hapo huwa na ladha kidogo.

BI MBEGA: (Anacheka, kisha anajizuia.) Tusimseme sana. Labda hajui aandike nini. Tumsaidie. Mimi kwa maoni yangu aandike madaraja ya kamba tuliyofungiwa juu ya barabara ya Diani. Zamani ukitaka kwenda upande wa pili kula majani ya jamaa, washuka lami, waja magari ya hoteli, na msiba waanza. Sasa twapita juu, tuktuk zapita chini, kila mtu na njia yake. Hiyo ni makala nzuri, na ndani yake kuna mimi.

KUNGURU: Wewe tangu lini hujaandikwa? Kila mtalii anaondoka na sura yako. Mimi je? Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka litaua kunguru milioni moja. Milioni, bibi! Mwaka ukaisha. Nikajipapasa, nipo. Hiyo haistahili hata aya moja?

BI MBEGA: Mwala mayai na makinda ya wenzenu.

KUNGURU: Sikatai. Lakini tuliletwa. Unguja, miaka ya 1890, serikali ya Waingereza ilitutaka tule taka. Hatukuja kutembea, tuliitwa kazini. Taka hazikuisha, ila siku moja wakageuka wakatuita sisi ndio taka.

MJUSI: Aya hiyo ingekuwa nzuri.

KUNGURU: Haandiki, nakwambia. Wala hajui kusoma msimu. Yeye anatazama mawingu. Msimu wa Diani hautazamwi mbinguni, unatazamwa ndani ya pipa. Agosti na Desemba nakula kamba waliokatwa nusu, maganda ya mananasi, keki za wageni. Leo nimefunua mapipa ya nyuma ya hoteli moja, nimekuta majani makavu na karatasi ya orodha ya wafanyakazi, majina yamepigwa mstari. Wapishi wameambiwa warudi kwao Msambweni hadi wageni waje tena, na mshahara nao urudi kwao. Basi, hiyo ndiyo masika. Angekaa penye lile pipa dakika tano angepata makala.

BI MBEGA: Au angeshuka Gazi. Kuna mikoko inalipwa kwa kusimama.

KUNGURU: Kweli! Ule mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ukaa, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Mkoko uko matopeni, hausemi neno, kijiji kinakunywa. Huyu analipwa kwa kila neno na mimi sijapata hata ganda la yai.

BI MBEGA: Sisi mbega hatuna dole gumba, ndivyo tulivyoumbwa. Ningekuwa nalo ningeshuka nikamwandikia mwenyewe, tukalala mapema.

MJUSI: Nyamazeni! Mita ya stima imelia, tokeni zinaisha, kashtuka... Kafuta yote! Kaanza upya. Anaandika mbio, vidole havionekani. Kichwa: "Mazungumzo ya Wanyama wa Diani".

KUNGURU: Ametusikia! Nilijua ni mtu wa maana yule. Tumo?

MJUSI: Kuna... ngoja asogeze kichwa. Kuna njiwa mweupe.

KUNGURU: Nani huyo njiwa?

MJUSI: Nafikiri ni wewe. Ametua mahali pako, na amesema shikamoo.

BI MBEGA: Na mimi?

MJUSI: Simba mzee mwenye busara.

BI MBEGA: Simba? Juu ya mkwaju? Na kanifanya dume!

MJUSI: Mimi kanifanya kipepeo, bibi. Nishukuru au nilie?

KUNGURU: Mapipa yamo? Mgema? Wale milioni?

MJUSI: Bado. Kwa sasa njiwa anamwambia simba kwamba upepo wa kaskazi ni mwanana.

(Kimya kidogo. Kunguru anajipanguza mdomo kwenye tawi, kushoto, kulia.)

KUNGURU: Sabuni yake ya kuogea anaiweka wapi?

MJUSI: Dirisha la bafu, ukingoni. Mpya, ya mchaichai. Chukua na kalamu.

KUNGURU: Kalamu ya nini? Haina mafuta.