Koki Kubwa Iko Wapi?

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hufurika siku ambayo maji yamekatika. Maji yakiondoka asubuhi, kila mtu wa nyumbani huenda kuhakikisha kwa mkono wake. Mama watoto anafungua koki ya jikoni, anasikia upepo ukipuliza, anasonya, anaondoka. Mtoto wa kwanza anafungua ya bafuni, maana maneno ya mama yake huwa hayamtoshi. Shemeji, aliyekuja kwetu mwaka juzi kutafuta kazi kwa wiki moja, anafungua ya karo la nje ili naye aonekane kafanya kitu. Hakuna anayefunga. Afunge nini, na koki haitoi kitu?

Halafu maji ya Ruvu yanarudi saa tisa usiku, kwa presha ambayo mchana hatujawahi kuiona.

Koki iliyo wazi peke yake haigharikishi nyumba, kwa sababu chini yake kuna tundu la kutolea maji. Lakini maji yakikatika na vyombo havioshwi. Kwa hiyo ndani ya sinki kulikuwa na sufuria ya ubwabwa iliyolowekwa, sahani za jana, na juu ya tundu lenyewe ukoko umejibana kama umepigiwa ribiti. Maji yalijaa sinki, yakashuka kabatini, yakaupitia unga wa sembe, yakavuka korido na kuingia sebuleni alikolala shemeji, godoro chini.

Yeye ndiye aliyeamka wa kwanza. Alipiga kelele kwamba paa linavuja, akachukua tochi, akatoka nje kuangalia bati. Nyota zilikuwa zimejaa angani. Alizimulika kwa muda mrefu.

Ndani, nilipofika kwenye koki ya jikoni, kishikio kilikuwa kinazunguka bila kukamata. Nyuzi zake zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Tulizoea kuifunga kwa kuibembeleza, kuna pembe fulani ambayo mama watoto peke yake ndiye anayeijua, na kwa presha ya usiku ule hata yeye ilimgomea. Hapo ndipo mtu mmoja akauliza lile swali: koki kubwa iko wapi?

Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, maana yake nimesimama juani nikiwaangalia wenzangu wakiijenga. Najua idadi ya tofali za msingi. Najua kila bati lilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Koki ya kufunga maji ya nyumba nzima nilikumbuka tu kwamba ipo upande wa kushoto, na kushoto kwenyewe kunategemea umesimama wapi. Fundi aliyelaza mabomba hakuwa anapatikana. Tulifukua na watoto kwa jembe na kijiko cha mchuzi, tukaikuta chini ya shina la mchaichai, imeshika kutu kiasi kwamba haikusogea hata kwa spana. Koki za namna ile zisipozungushwa hata mara moja mbili kwa mwaka huganda, na ikishaganda ukiilazimisha inakatika shingo, ndipo utajua kwamba ulikuwa bado hujapata shida.

"Si ungefunga ile ya kwenye mita?" mama watoto akauliza, amesimama barazani na kanga imelowa mpaka magotini.

Kulikuwa na koki kwenye mita. Ipo pale ukutani tangu siku tulipounganishiwa maji. Iligeuka robo mzunguko tu, nyumba ikatulia.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza, Baba Asha."

Fundi alipatikana siku iliyofuata. Fundi bomba wa kwetu utamtambua kwa kitu kimoja: huja na mfuko wenye msumeno, tepu nyeupe na chaja ya simu, kisha anamuuliza mwenye nyumba kama ana spana. Alichuchumaa chini ya sinki, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaguna.

"Bosi, nani alikufanyia kazi hii?"

Nilimkumbusha kwamba ni yeye.

Alikaa kimya kidogo, akapangusa mikono. "Ee, enzi zile vifaa vilikuwa vibovu sana."

Kisha akanituma dukani. Kwenda hadiwea kununua kifaa cha bomba ni mtihani wa mdomo, na maswali yanaongezeka kadiri unavyojibu. Nilisema nataka elbo.

"Inchi ngapi?"

"Nusu."

"Ya gundi au ya nyuzi?"

Hapo nikapiga simu. Ya nyuzi.

"Nyuzi za ndani au za nje?"

Foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kuchangia. Mzee mmoja mwenye kofia ya mtande alisema za ndani, kijana aliyebeba mfuko wa saruji begani akasema inategemea na nipo. Nikapiga simu tena. Fundi akajibu kwa sauti ya mtu anayekula: "Wewe mwambie ile ya kawaida." Muuzaji alinitazama kwa huruma, akanitolea elbo tatu tofauti, na mbili kati ya hizo zinaendelea kukaa kwenye droo ya vijiko zikisubiri siku yao.

Nisimtendee fundi dhuluma lakini. Akishaanza kazi, mikono yake inajua. Ile tepu nyeupe, ambayo mimi nilidhani inazungushwa vyovyote kama plasta ya kidonda, yeye huifunga kwa kufuata mwelekeo ule ule ambao kifaa kitakazwa, akiivuta hadi inaingia ndani ya nyuzi. Ukiizungusha kinyume, inajifungua yenyewe unapokaza, na kesho yake bomba linatona. Ile chupa ya plastiki iliyo chini ya sinki aliifungua kwa vidole vitupu, ndoo ikiwa chini. Ndani yake alitoa majani ya chai, mafuta ya kukaangia yaliyoganda yakawa kama sabuni ya kipande, kifuniko cha soda, na kijiko cha chai ambacho msichana mmoja wa kazi aliondoka kwetu akinuna kwa sababu yake. Mafuta ya moto yanaingia kwenye bomba kwa unyenyekevu, yakipoa yanahamia huko moja kwa moja. Yamwage kwenye kopo, ukatupe. Na ile magadi kali ya kuzibulia ambayo majirani wanaisifu, ukishaimwaga usije ukafungua chupa hiyo hiyo kwa mikono mitupu, wala usiichanganye na dawa ya choo. Ngozi ya mtu si kigae.

Kuna jambo moja alilokosea, na lingetugharimu. Bafu la wageni lilikuwa linanuka, na mende wakitoka sakafuni jioni kama watu wanaotoka kazini. Fundi aligonga vigae kwa kisigino akatangaza kwamba bomba limepasuka chini. Tuvunje, tufuate hadi kwenye chemba. Mama watoto akamwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafu. Harufu ikakata kabla kesho haijafika. Chini ya kila tundu la bafu, sinki na choo kuna kona inayobakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimoni isipande. Bafu lisipotumika kwa wiki nyingi, maji hukauka, mlango unabaki wazi. Aliyepata hataza ya choo chenye kona hiyo, mwaka 1775 huko London, ni Alexander Cumming, na wala hakuwa fundi bomba. Alikuwa mtengeneza saa. Sikumwambia fundi.

Lililokuwa limebaki ni bili. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, na sisi tulikuwa tunalipia ndoo ambazo hakuna aliyeoga. Nilifunga koki zote, nikaenda kukodolea macho mita. Ndani ya kioo kuna kipembe kidogo chekundu. Kikizunguka na nyumba nzima imefunga maji, kuna mahali panavuja. (Usipime wakati maji ndiyo yanarudi baada ya mgao. Upepo ulio bombani nao huizungusha mita, na utamtuhumu asiyehusika.) Kipembe kilikuwa kinazunguka polepole, bila haraka ya mtu anayelipwa kwa mwezi.

Ukuta ulikuwa mkavu, karo kavu, boya la tangi la juu zima. Nikabaki na choo. Mpira ulio ndani ya tangi la choo ukichakaa, maji hushuka bakulini usiku kucha bila kelele, na dawa ya kumfumania ni rangi: unatia rangi ya chakula kwenye tangi, unaacha kuvuta kwa nusu saa, ukiona rangi imefika bakulini, umempata mwizi. Jikoni kulikuwa na rangi moja tu, ile nyekundu ya kutengenezea ubuyu. Niliitia, nikafunga mlango, nikaenda kusubiri barazani.

Shemeji hakuambiwa. Aliingia, akakaa kidogo, akatoka ameshika ukuta. Alipita mbele yetu bila salamu, akavaa viatu, akapanda bodaboda. Baadaye alituambia kwamba tangu utotoni kando ya Ziwa Victoria walikuwa wakionywa juu ya kichocho, na alipotazama bakulini aliona mwisho wake.

Mpira wa choo ulibadilishwa jioni ile ile, kwa hela isiyozidi ya nauli ya fundi. Zahanati alikokwenda shemeji hawakukuta kichocho. Walikuta UTI, kama wanavyoikuta kwa kila anayepita mlango wao, wakamwandikia sindano za siku tano. Anazidai kwangu, pamoja na hela ya bodaboda, kwenda na kurudi.