Jiji Bila Joka

Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na tangu siku hiyo najiuliza bado tumepungukiwa na nini. Uwanja wa ndege tunao. Hospitali ya rufaa tunayo. Msongamano wa magari tunao, tena wa kutosha kuigawia miji jirani. Tulichokosa ni mwovu mwenye hadhi. Gotham ya Batman haikuwa jiji kwa sababu ya maghorofa. Ilikuwa jiji kwa sababu Joker aliona inafaa kuibiwa.

Kwa kuwa hakuna aliyejitolea kumsifu, nitamsifu mimi.

Hapa kwetu jina lake linatamkwa Joka, na sioni kosa. Wanaocheza karata chini ya miti wanamheshimu kwa jina hilohilo: akitua mezani, mpinzani anaokota tano bila kuuliza. Kitabuni alizaliwa mwaka wa 1940, katika toleo la kwanza la Batman, na akawa na baba watatu waliogombea kumzaa: Bill Finger, Bob Kane na Jerry Robinson. Robinson alileta karata. Finger alileta picha ya mwigizaji Conrad Veidt, kutoka filamu ya 1928 kuhusu mtu aliyeharibiwa mdomo akabaki anacheka maisha yake yote. Ukoo wake basi ni kamari na kidonda, na wapo waheshimiwa wengi wasioweza kuutaja wao kwa uwazi namna hiyo.

Alikusudiwa kufa katika toleo hilohilo. Kisu kilishamwingia. Mhariri akakataa, kikaongezwa kisanduku kimoja cha mchoro kuonyesha kwamba bado anapumua. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sheria moja tunayoijua kuliko katiba: staringi hafi. Huyu si staringi, na hafi vilevile.

Mweke kando ya Batman uone. Batman ni mrithi. Aliachiwa jumba, mtumishi na pesa za kununulia gari lenye mabawa. Joka alianza na rangi ya midomo. Huyo ndiye hasla (neno lenye wenyewe huku kwetu, nalitumia kwa adabu). Ameajiri vijana wa kubeba bunduki, mafundi wa suti za zambarau, na madaktari wa akili ambao bila yeye wangekaa bure. Waigizaji nao amewavika taji: Heath Ledger alipewa Oscar mwaka wa 2009 akiwa ameshafariki, Joaquin Phoenix akaipata 2020 baada ya kujikondesha karibu kilo 24. Hakuna aliyewahi kupewa Oscar kwa kuvaa masikio ya popo. Na Cesar Romero, yule wa televisheni ya 1966, alikataa kunyoa masharubu, ikabidi yapakwe rangi nyeupe hivyohivyo. Ukikazia macho unayaona. Malaika gani angeruhusiwa kuwa na masharubu yaliyopakwa chokaa?

Atarudi tu. Swali ni nani atamvaa. Wamarekani walipomrudisha Oktoba 2024 walimwimbisha pamoja na Lady Gaga, na kumbi zikabaki na viti. Nadhani sasa ni zamu yetu, na wagombea wangu nimeshawapanga.

Mkiani yupo Joka wa kompyuta, atakayetengenezwa bila mwigizaji. Simjadili. Asiye na meno hawezi kuchekea mtu.

Juu yake kidogo nimemweka dalali wa mahindi. Sifa anazo: huja shambani mvua ikitishia, akauangalia mzigo kwa huzuni kama anayetoa pole, na gorogoro lake limegongwa kitako kwa ndani kwa ustadi ambao sijauona hata kwa wachonga vinyago. Lakini anataka pesa, na hapo ndipo anapoanguka. Joka wa Ledger, katika filamu ya 2008, alirundika mlima wa noti akauchoma moto. Dalali wetu hata noti iliyochanika anaitafutia gundi.

Joka wa kike ningempa nafasi nzuri zaidi, na shahidi wangu ni fisi. Kwa fisi madoa, jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayetawala kundi. Tena ile sauti tunayoiita kicheko mara nyingi hutoka kwa fisi anayefukuzwa au anayenyang'anywa mfupa. Phoenix alifanya kazi miezi kadhaa kutafuta kicheko kama hicho, cha mtu asiyefurahi. Angeweza kuja kulala usiku mmoja tu kando ya boma lenye mbuzi.

Sasa makanga. Hapa naomba nisimame kidogo, maana ninasema kwa uchungu wa aliyetendwa. Asubuhi moja nilifika steji nikienda Kitale. Gari limejaa, nafasi imebaki moja, ya kwangu. Makanga ananisukuma kwa upendo, "Ingia mkubwa, tunatoka!" Nimekaa, nimebana magoti, nimelipa. Mzee wa dirishani akashuka. Mama mwenye kikapu akashuka. Vijana wawili wa nyuma wakashuka, mmoja akipiga miayo kama mtu anayemaliza zamu. Kufikia hapo nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja, naye akaitwa na mama yake. Nikageuka mlangoni: makanga ananitazama, anacheka. Kwa saa yangu tulikuwa tuondoke saa mbili; kwa saa yake tuliondoka saa tano kasorobo.

Ile filamu ya 2008 inafunguka kwa wizi wa benki ambao majambazi wenye vinyago wanapungua mmoja mmoja, mpaka anabaki Joka peke yake. Dunia nzima ilisifu ubunifu huo. Abiria wa Kitale hakushangaa. Ningempa makanga kiti cha pili bila kusita, ila naye nauli haichomi.

Kiti hicho basi nimempa mwanariadha. Filamu ya Phoenix ilitoka tarehe 4 Oktoba 2019. Siku nane baadaye, Vienna, Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi Kaptagat hapo juu kwetu, alimaliza marathoni kwa saa 1:59:40 akitabasamu. Amewahi kueleza kwamba tabasamu humsaidia kulegeza mwili na kuyasahau maumivu. Mwezi mmoja, nyuso mbili zilizojua kwamba meno hayaonyeshwi kwa furaha peke yake. Hebu muone Joka wa aina hiyo akikimbizwa na polisi wa Gotham wenye vitambi: kufika kilomita ya tatu wanamwomba awangoje. Tatizo ni ratiba. Mwanariadha wa hapa saa tatu usiku amelala, na Gotham uhalifu huanza saa nne.

Wa kwanza nilimwona utotoni, Kapsoya, kwenye jiko la jirani yetu ambaye sote tulimwita Kogo, kama Wakalenjin wanavyomwita bibi. Umeme ukikatika alitusimulia Chemosit. Nusu mtu, nusu ndege. Mguu mmoja, akitembea kwa kuegemea fimbo kama mkuki. Mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Usiku huimba msituni, watoto wakadhani kuna ngoma, wakaondoka nyumbani kuifuata. A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi mwaka wa 1909, miaka 31 kabla ya Joker kupakwa rangi. Walowezi wa Uasin Gishu nao wakasikia habari zake, wakamfanya dubu. Hilo nalihesabu kuwa kosa la kwanza kubwa la kumpa mtu nafasi isiyo yake.

Mwone basi: mdomo mwekundu tayari, wimbo tayari. Hollywood walishindwa na nyimbo kwa sababu walidhani mwovu huimba ili mtazamaji aburudike. Chemosit huimba ili mtoto afungue mlango. Kogo hakuhitaji rangi wala kamera. Alisogeza uso karibu na makaa, akaimba kidogo, kisha akanyamaza na kututazama. Sijaona aliyemvaa vizuri zaidi, na mpaka leo usiku nikisikia muziki wa mbali huangalia kwanza komeo.

Kwa hiyo wenye filamu wakija Eldoret, nawaomba wasisumbuke na waigizaji. Watafute fundi wa kushona, maana suti ya zambarau itakuwa na kazi: Hollis anasema Chemosit ana matako tisa. Kwenye viatu wataokoa pesa. Watanunua kimoja tu.