Heko, Kuhamahama Bima!

Wako wanaosifia pensheni, wako wanaosifia wajukuu. Mimi naisifu kazi pekee inayompokea mtu aliyetimiza miaka 60 bila usaili wala barua ya utambulisho: kuhamahama bima ya afya.

Nasaba yake ni ya heshima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, mtumishi akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza 3. Ukistaafu ukiwa mwanachama, Mfuko unakubakiza wewe na mwenza wako, bila makato. Watoto wanatoka kwenye kadi. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana kitinda mimba bado yuko chuoni. Na yule aliyeuza mitumba Tandale maisha yake yote, asikatwe hata senti, huyo ana uwanja mpana zaidi: anaanza bila kadi yoyote.

Faida ya kwanza ni elimu. Mzee wa Mkwajuni aliyekuwa hasomi kirefu kuliko risiti ya LUKU sasa anachambua masharti kama wakili. Atakwambia kuwa vifurushi vya mwaka 2019, Najali, Wekeza na Timiza, vilipangwa bei kwa umri: kijana alianzia shilingi 192,000, na mzee akapewa heshima ya kulipa zaidi. Atakwambia Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, hapa Dar es Salaam ulikuwa 150,000 kwa kaya ya watu sita, na ngazi yake ya juu ya matibabu kwa sisi wa Kinondoni ilikuwa Hospitali ya Mwananyamala.

Faida ya pili ni utalii. Vilifuata vifurushi vya Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Mtu ambaye simba aliyemzoea ni yule wa noti ya elfu mbili anahama Ngorongoro kwenda Serengeti bila kutoka kibarazani. Nyumbu hufuata majani. Mzee hufuata dirisha linaloipokea kadi yake. Naye ana mto wa kuvuka, na mamba wake anaitwa "maradhi uliyokuja nayo".

Mamba huyo ana adabu. Huja na shati lililochomekewa na vipeperushi vya rangi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hicho kifurushi chenu kinatibu nini?"

"Kila kitu, mzee wangu. Kulazwa, miwani, mpaka meno."

"Na presha?"

"Presha ilikuanza lini?"

"Mwaka niliostaafu."

Kijana anafunika kalamu yake taratibu, anaulizia hali ya mvua, kisha anaaga.

Faida ya tatu ni mapenzi. Fungua bahasha ya kaki ya mhamaji yeyote: kuna picha ndogo, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na cheti cha ndoa kilichoanza kuchanika kwenye mikunjo. Ni jambo gani jingine lingemfanya mzee akitafute cheti hicho uvunguni na kuapa mbele ya karani kwamba bibi huyu ni mkewe bado?

Na mazoezi je? Tarehe 1 Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa Mfuko kwa ugomvi wa bei mpya, nani alijua daladala ya kupanda? Mhamaji. Goti linauma, lakini njia zote anazo kichwani.

Kwa hiyo naiogopa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ikija kutekelezwa kama ilivyokusudiwa, kila mtu awe na kadi, na kadi ikubalike kila dirisha, ufundi huu utakufa. Presha itatibiwa bila kuulizwa ilianza lini. Nasi wazee wa Kinondoni tutakaa vibarazani, afya tele, hatuna fomu ya kujaza wala mtu wa kumlalamikia. Hivi kweli Serikali imetufikiria?