Saa Yangu Haiumwi

Siku hizi hakuna anayeniuliza saa ngapi. Wananiuliza nimeanza kuugua lini, na kama nimeshaonana na daktari. Wanachokiona ni doa la kijani kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Saa yenyewe ni ya rubani, ya kutiwa ufunguo, na kasha lake ni la shaba, ile inayochanganywa na bati. Shaba hiyo ikikutana na jasho la Tanga la mwezi wa pili hutoa chumvi zenye rangi ya jani la mgomba. Hazidhuru, na zinatoka kwa sabuni. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana mgongo wa saa huwa wa chuma kisichoshika kutu. Lakini bizimu ya mkanda nayo ni ya shaba, na bizimu haijali mgongo umetengenezwa kwa nini.

Saa hizi zina ukoo wa heshima. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vyake Paris, saa ya kufunga mkononi, maana aliyeshika usukani angani hana mkono wa kupekua mfukoni. Yangu inafuata ukoo mwingine, wa saa walizopewa waonyesha njia wa ndege za kijeshi za Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Zile zilikuwa na kipenyo cha milimita 55, mkanda mrefu wa kufungia juu ya koti, na kifundo kinene cha kutilia ufunguo ili kishikike hata kwa glavu. Mwaka 1941 zikapewa uso mpya: duara kubwa la nje ni la dakika, 5 hadi 55, saa zimesukumwa ndani kwenye kiduara kidogo, na juu, penye 12, hakuna namba kabisa, ila pembetatu na nukta mbili. Wenyewe walikuwa na haja ya dakika na sekunde. Saa walishaijua.

Dereva wa bajaji hakuijua. Aliinamia mkono wangu kwenye foleni, akatazama, akatazama tena.

"Kaka, mbona saa yako imefika arobaini?"

Nikamweleza habari za Wajerumani, glavu na pembetatu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Aliyekuuzia," akasema, "kwake unapajua?"

Sikumwambia la shaba, kwa sababu hapo hata mimi hoja yangu inayumba. Makasha ya zile saa za vita yalipakwa rangi ya kijivu. Shaba ni madini ya baharini. Propela za meli hutengenezwa kwayo. Mwaka 2011 Panerai wakaitumia kwenye saa ya wazamiaji, watu wakaipenda, na kufika 2019 IWC nao walikuwa na saa za rubani za shaba. Kwa hiyo nimevaa madini ya baharia kwenye umbo la rubani, na kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu.

Sasa, wenye saa hizi tuna jambo letu. Ile shaba inavyofifia, ikapiga hudhurungi, ikaota weusi huku na ukijani kule, ndiyo raha yenyewe. Hakuna saa mbili zinazochakaa sawasawa. Wasio na subira huiharakisha kwa mayai: unachemsha, unayaponda, unaifungia saa pamoja nayo kwenye kopo bila kugusana, na ile hewa ya salfa inayotoka kwenye mayai inaipaka shaba weusi usiku mmoja. Mimi ni katika wasio na subira. Kopo langu nililisukuma uvunguni mwa kitanda, asije mtoto akadhani ni kitoweo.

Mke wangu alilikuta akifagia.

Nawaomba wasomaji wa mikoa mingine wakumbuke tunaishi wapi, na Tanga inasifika kwa nini. Kopo limezibwa, uvunguni, upande anaolala yeye. Ndani mayai yaliyopondwa. Juu ya mayai, shaba. Hakupiga kelele. Alimpigia simu mama yake, na mama mkwe akaja na mzee mmoja mwenye kanzu safi, anayesifika kwa kusoma. Niliporudi kazini nilikuta viatu mlangoni na kimya sebuleni. Mzee alikuwa ameliinamia kopo, ametega sikio.

"Linapiga," akasema.

Linapiga, naam. Mtambo wa aina ile hugonga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde. Niliona takwimu hiyo itawatuliza. Mzee aliomba kiti. Nikaendelea na salfa, nikaeleza mayai, nikafika kwa Wajerumani. Mama mkwe akaniwekea mkono begani.

"Baba, kama unataka kuongeza mke, sema tu. Tutazungumza."

Hilo halijapoa vizuri, mpwa wangu akailaza saa juu ya spika la redio. Saa ya ufunguo ina springi nyembamba mno iliyojizungusha. Ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, na saa inakimbia. Saa iliyopimwa Uswisi ikapewa cheti huruhusiwa kuzidi sekunde 6 kwa siku au kupungua 4. Yangu ikawa inazidi kwa dakika. Nikaanza kuwa wa kwanza kufika vikaoni, jambo lililozua maneno ofisini.

Fundi saa hakuifungua. Alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akavuta mswala wake, ule wenye dira ndogo ya kibla iliyoshonewa pembeni, akaiweka saa karibu. Sisi wa Tanga kibla chetu ni karibu kaskazini moja kwa moja. Mshale ukatetemeka, ukageuka, ukasimama mashariki.

"Bwana wee," akasema fundi, "ukiswali na hii utakuwa unaswalia Pemba."

Aliitoa sumaku kwa kimashine chake muda mfupi tu, kisha akashauri aniwekee mashine ya betri, nipumzike. Nilimshukuru.

Kilichoimaliza ni mapenzi. Nilikwenda kumwamkia shangazi, nikavua saa nikatawadhe, nikaiacha mezani. Shangazi ana sinia na mdila wa kahawa, shaba tupu, na kila Sikukuu ikikaribia huvisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ujione meno. Alipoiona saa ya mtoto wa kaka yake imeota ukungu alipata uchungu wa kweli. Niliporudi ilikuwa inameremeta kuliko siku iliyotoka dukani.

"Mwanangu, usikubali kuvaa vitu vichafu," alisema, akinifunga mwenyewe mkononi. "Mkeo hana ndimu?"

Nikasema ahsante, shangazi. Nyumbani nikamwuliza mke wangu kama kuna mayai.

"Mayai yapo," akasema. "Funguo za kabati anazo mama."